Ni Ndege Tu

Kabla hujamaliza salamu, Mama Mzalisha alikuwa amekwisha kukushusha kope kwa kidole gumba ili aone kama una damu ya kutosha. Akiridhika, anakueleza ulivyozaliwa, hapohapo njiani, watu wakisikia. "Weye ulitanguliza miguu," alimwambia mwenye duka la vitenge mbele ya wateja wake, mtu mzima mwenye kitambi na wake wawili. "Ulitusumbua tangu alfajiri mupaka saa tisa, na kutoka tu, ukanikojolea." Mwenye duka alicheka kwa adabu. Utamjibu nini mtu aliyekushika kabla mama yako hajakushika?

Alisema nusu ya Kasongo imepita mikononi mwake, na nusu nyingine ilizaliwa siku alizokuwa amelala. Mimi nilikuja Kasongo kwa ndoa, lakini watoto wangu wanne wote yeye ndiye aliyewapokea. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake, nami sitalitaja. Nyumba yake na yangu zilitengwa na ua wa matete tu, na kwa miaka kumi na sita niliyasikia maisha yake kupitia matete hayo. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba ninayosimulia niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, na kwamba masikio yangu yana kesi ya kujibu.

Masikio yake yeye yalikuwa kitu kingine kabisa. Tukiwa barazani tunachambua mchele, mtoto analia nyumba ya tatu, yeye anainua kidole. "Ule, tumbo." Analia mwingine upande wa msikiti. "Ule iko na njaa, mama yake iko kwa simu." Siku moja aliutupa ungo, akavuka barabara bila viatu, akaingia nyumba ya watu bila hodi, akatoka amemshika mtoto kichwa chini miguu juu, anampiga mgongoni, mpaka kifuniko cha kalamu kikadondoka mavumbini. Wenye nyumba walikuwa hawajajua hata kama mtoto ana shida. "Mutoto halii bure," aliwaambia, akarudi kwenye mchele wake.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake, na alilisema mara nyingi kama wengine wanavyosema bismillahi. Mtoto halii bure. Ukimletea ile methali ya mtoto akililia wembe mpe, alikasirika kwelikweli. "Mwenye kusema vile hajafua damu," alisema.

Sitaki mfikiri alikuwa mpole. Wanawake walimwogopa kuliko uchungu wenyewe. Mzazi akiona haya, akibana mapaja, alipigwa kofi: "Mficha uchi hazai! Fungua, hapa hakuna shemeji!" Nilipigwa kofi hilo mara nne. Na huyohuyo aliyetuvua aibu wote hakuwahi kumwambia mtu kwa nini yeye mwenyewe alizaa mara moja tu, binti mmoja, basi. Aliwafokea mama wanaokula wima, na yeye nilimwona miaka yote akila amesimama mlangoni, sahani mkononi, sikio nje. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka vidole vikakunjamana, lakini chai yake aliinywa katika kikombe ambacho ndege alikuwa ametia mdomo.

Basi nimefika kwa ndege.

Mume wa Mama Mzalisha alikwenda Salamabila kuwauzia wachimba dhahabu sabuni na chumvi. Aliaga kwamba atarudi kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, na ya pili, kisha waendesha pikipiki wakaleta habari kwamba ana mke kule, kijana, na nyumba ya mabati. Mama Mzalisha hakulia, au hakulia upande wa matete yangu. Mwaka uleule mwanamume mmoja wa njia ya Kabambare, ambaye mkewe alizaa pacha na akabaki hai, alimletea kikapu kama shukrani. Ndani mlikuwa na kinda la kasuku, la kijivu, mkia ndiyo kwanza unaanza wekundu. Mama alilipunguza manyoya ya bawa moja kwa mkasi wake wa vitovu, akaliweka begani.

Watu wa kwetu hawana huruma na mwanamke aliyeachwa. Walikuwa wakimuuliza sokoni, "Mama, bwana yako atarudia lini?" Anaonyesha begani. "Bwana yangu njo huyu. Huyu hawezi kwenda Salamabila, nilimukata bawa." Soko zima linacheka, na muulizaji anatafuta pa kuweka uso.

Utani ukawa jina. Asubuhi nilikuwa nikisikia kupitia matete: "Bwana yangu!" na sauti ileile yake, lakini nyembamba kidogo, ikijibu: "Naam!" Alifurahi kila mara kama mara ya kwanza. "Yule mwingine nilimuita miaka ishirini," aliniambia, "hakuitika hata mara moja na sauti tamu hivi." Alimvunjia ngazi, zile tunda za mchikichi, kwa meno yake na kumpa kutoka mdomoni. Na ndege, akitaka kubembelezwa, aliinamisha kichwa na kufumba macho, akangoja kidole kimkune nyuma ya shingo. Alikuwa anaweza kungoja hivyo muda mrefu.

Alimfundisha kuitika, mengine ndege alijifundisha. Ukipiga hodi, anasema karibu. Nimeketi mara nyingi kwenye baraza ile nikimngoja mwenye nyumba aliyekuwa sokoni. Na kwa kuwa wanawake wengine walizalia palepale nyumbani kwake, siku sheikh alipokuja kumpa pole ya msiba wa ndugu yake wa Kabambare, akaketi, akafungua mikono kuomba dua, kasuku alipaza sauti kutoka juu ya kabati: "Sukuma! Sukuma, mama, usifunge miguu!" Sheikh aliimaliza dua, namsifu kwa hilo, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Kuna neno moja ambalo Mama Mzalisha hakutaka kulisikia nyumbani kwake, na bila neno hilo hadithi yangu haina maana. Kwetu, mtoto akishikwa na homa kali mpaka macho yanageuka na mwili unakakamaa, watu hawasemi malaria. Wanasema ana ndege. Ndege amepita juu yake, kivuli kimemwangukia. Basi hapelekwi hospitali, kwa sababu inasemwa kwamba mtoto mwenye ndege akichomwa sindano anakufa. Anapelekwa kwa mganga, anafukizwa manyoya, na wengi hawarudi. Mama Mzalisha alipigana na neno hilo maisha yake yote ya kazi. Aliingia nyumba za watu, akawapokonya watoto waliokakamaa mikononi mwa bibi zao, akakimbia nao hospitali. Watu walipomjia kuomba manyoya mekundu ya mkia wa kasuku kwa ajili ya dawa hiyo, aliwafukuza kwa ufagio.

"Hakuna ndege!" alipiga kelele. "Kuko malaria! Ndege ninayojua mimi ni moja, ile pale kwa kabati, na haijaua mutoto wa mutu!"

Nilimsikia akisema hivyo zaidi ya mara moja. Nilikuwa nikiwaambia hata wanafunzi wangu wa darasa la tatu, nikiiga sauti yake, nao wakicheka.

Binti yake aliolewa na mchimbaji, na mambo ya kwetu yalivyo, alikwenda kuishi Salamabila ileile iliyommeza baba yake. Akazaa mtoto wa kiume. Mtoto alipofika miezi kumi, binti alishika mimba nyingine, na mwenye mimba kwetu hanyonyeshi. Mtoto aliachishwa ziwa, akaletwa kwa bibi kwa pikipiki, siku mbili njiani, kitambaa usoni, mwekundu wa vumbi.

Nilikuwepo alipofunguliwa mgongoni kwa mama yake. Mama Mzalisha alimnyanyua juu, akamshusha kope, akacheka, akamwita kama bibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, maana mjukuu ni mume wa bibi yake: "Bwana yangu! Bwana yangu umefika!"

"Naam!" akaitika kasuku begani.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mtaani wakapewa vyeo siku hiyohiyo, ndege akawa Bwana Mkubwa, mtoto Bwana Mdogo. Mimi ndiye niliyeanzisha. Nilikuwa mtu wa mzaha wakati ule.

Juma la kwanza ndege aliitika kila mara. Bibi anamwita mtoto ale uji, "Bwana yangu!" Ndege, "Naam!" na anashuka kabatini, anatembea sakafuni kwa ile miguu yake ya kupinda ndani, mpaka kwenye mkeka, anainamisha kichwa. Kidole hakiji. Kidole kina uji. Juma la pili Mama alianza kuchoka. "Si weye!" alimwambia. Kisha kwa ukali, "Si weye, toka!" Siku moja ndege alipanda mkeka na kumwuma mtoto sikio, tone la damu likatoka, na hilo lilimaliza maneno. Alifungwa uzi mguuni, akahamishiwa nyuma, kwenye nguzo ya jiko, na moshi na kuku. Miaka tisa alikuwa amelala juu ya kabati chumbani kwa Mama.

Mimi sikujua kwamba ndege anaweza kuona wivu. Nilijua wa wake wenza, nilijua wa watoto. Huyu aliacha kula ngazi. Akaanza kujing'oa manyoya, moja moja, kifuani kwanza, akiyatazama yanavyoanguka, mpaka kifua kikabaki ngozi ya pinki yenye vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa tayari kwa sufuria. Na alizungumza peke yake. Nilimsikia mchana nikisahihisha madaftari. Aliita kwa sauti ya Mama, tamu kabisa, "Bwana yangu!" Ananyamaza, anangoja. Halafu anajijibu kwa sauti ileile, kali: "Si weye!"

"Bwana yangu! Si weye! Bwana yangu! Si weye!"

Nilimwonea huruma. Lakini ilikuwa huruma ya kucheka, ile inayokuruhusu kuendelea na kazi yako.

Ndege si mjinga. Akiwa pale kwenye nguzo aliona jambo moja: mtoto akilia, Mama anakuja. Anaacha chungu, anaacha mgeni, anakuja mbio. Basi akajifunza kulia. Mara ya kwanza Mama alitoka bafuni na povu kichwani, kanga imefungwa nusu, akakuta mtoto amelala fofofo na kasuku kwenye nguzo ameinamisha kichwa, amefumba macho, anangoja kukunwa. Aliguswa moyo, najua, kwa sababu alimkuna. Ingekuwa heri angempiga. Baada ya hapo kilio kilitoka pale jikoni mara tano, mara kumi kwa siku.

"Mpeleke kwa mtu," nilimwambia. "Au mwachie tu, arudi porini kwao."

"Na bawa moja?" Akanitazama vibaya. "Mimi niliachwa, Madamu. Ninajua namna inauma. Sitaacha kitu."

Tena hakuona hatari. Alijiamini, na nani angemshinda kwa masikio? "Ule ndege halii kama mutoto," alinieleza. "Mutoto anavuta pumzi katikati. Ule anapiga tu moja kwa moja, kama redio." Kweli ilikuwa hivyo, mwezi ule. Mwezi uliofuata ndege alikuwa amejifunza pumzi. Akajifunza na kikohozi kidogo cha mwisho, na kwikwi. Mama akawa anasimama katikati ya ua, kichwa upande, anasikiliza, yeye aliyekuwa akitambua tumbo na njaa nyumba ya tatu. Nilimwona akikosea. Alikwenda jikoni mtoto alipolia, akaenda chumbani ndege alipolia, na nilimwona akikaa tu kwenye kigoda, mikono mapajani, amechoka, huku kitu fulani kinalia. Mwishowe alikuwa akiniuliza mimi kupitia ua, kwa sababu baraza yangu inatazama jiko lake. "Madamu, ni nani ule?" Nami nachungulia penye tundu la matete, namjibu. "Ni mtoto, Mama." Au, "Ni ndege tu."

Ile alasiri alikuwa nyuma kabisa ya uwanja wake. Alikuwa ameanika mpunga juu ya turubai, na wingu jeusi lilikuwa linakuja kutoka upande wa mto Lualaba. Mtoto alikuwa ameamka na joto kidogo asubuhi. Mama alimwogesha, akampa dawa, akamlaza. Mimi nilikuwa barazani kwangu na madaftari arobaini ya hesabu na kalamu nyekundu, nataka kuyamaliza kabla mvua haijanifukuza.

Kilio kikaanza. Nikasikia turubai linavutwa, mpunga unamiminwa guniani, na sauti yake kutoka mbali:

"Madamu! Ni nani ule analia?"

Tundu la matete lilikuwa hatua nne kutoka kitini kwangu. Sikuinuka. Nilikuwa nimeshika daftari la mtoto aliyeandika tisa mara saba ni sitini na nne, na nilikuwa na hasira naye.

"Ni ndege tu, Mama!"

Nikamsikia akicheka kidogo. "Shetani yule," alisema. Akaendelea na mpunga.

Kilio kiliendelea, kikakatika, kikaendelea. Kisha mvua ikashuka, nikaingiza madaftari ndani, na kwa kishindo chake juu ya bati huwezi kusikia kitu. Nilisimama katikati ya chumba, madaftari kifuani, na hapo ndipo jambo lilinijia. Wakati kilio kinaendelea, nilikuwa nimesikia pia kitu kingine. Nilikuwa nimesikia, "Bwana yangu! Si weye! Bwana yangu! Si weye!" Vyote viwili, kwa pamoja. Na kasuku ana mdomo mmoja. Mwalimu wa hesabu nikashindwa kuhesabu mpaka mbili.

Nilitoka mbio kwenye mvua. Nilipofika mlangoni kwake naye alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma, gunia kichwani, anacheka kwa sababu ya kulowa. Tulimkuta pamoja. Macho yalikuwa yamegeuka, meupe, mgongo umejipinda, mkono mmoja unarukaruka peke yake. Mama alilitupa gunia. Alifanya yote aliyoyafundisha watu, alimlaza ubavu, alimfungua nguo, alimlowesha maji. Mume wangu alileta pikipiki. Barabara ilikuwa matope matupu, tuliteleza mara mbili, mara ya pili tukaanguka wote, na Mama aliangukia mgongo ili mtoto abaki juu. Hospitalini walifanya waliloweza kwa mtoto aliyechelewa. Kabla ya adhana ya magharibi, Bwana Mdogo alikuwa amekufa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu.

Niliambiwa na muuguzi kwamba saa moja ingetosha. Hakujua anamwambia nani.

Mtaa ukasema ulichosema. Ndege wake ndiye aliyemuua mtoto. Unafugaje ndege juu ya kichwa cha mtoto mchanga, halafu unawaambia watu hakuna ndege? Waganga walipata ushahidi waliokuwa wakiutafuta miaka yote. Kabla ya arobaini kwisha, mama mmoja wa nyumba ya sita, mwanamke aliyesoma, alimpeleka mwanawe aliyekakamaa kufukizwa manyoya. "Hata Mama Muzalisha mwenyewe alishindwa na ndege," alituambia kwenye matanga ya mwanawe. Mimi nilikuwepo na sikujibu. Tulikuwa na mazishi mawili mtaani kwa mwezi mmoja. Miaka yote ya kupokonya watoto na kukimbia nao iliharibika hivyo, kwa neno langu moja nililolisema nimekaa kitini.

Binti alifika siku ya tatu kutoka Salamabila, tumbo mbele, miguu imevimba. Alikaa na mama yake bila kulia. Kisha kutoka jikoni kilio kikatoka, na pumzi, na kwikwi, na kikohozi kile cha mwisho. Binti alikuwa amesimama na kufika mlangoni, mikono imenyooshwa, kabla mtu hajamshika. Alimkuta ndege ameinamisha kichwa. Tulifikiri atamnyonga, na nadhani ndilo alilotaka, maana alimshika shingo. Ndege akalia tena mkononi mwake. Akamwachia. Aliondoka siku iliyofuata, na mtoto wa pili, msichana, mpaka leo hajaletwa kwa bibi.

Mama Mzalisha hakuzalisha tena. Wanawake hawakumwita, na kama wangemwita, sijui kama angekwenda. Alirudi kwao Kabambare na sanduku moja na ndege. Kwangu alikuja kuaga. Nilingoja aseme neno. Alinishusha kope, akatazama, akasema, "Ukule matembele," akapanda pikipiki.

Ilipita miaka mitatu kabla sijamwona tena. Mwaka huu walimu tulitumwa Kabambare kusimamia mtihani wa darasa la sita, na njia ile ninyi mnaijua, unafika huna kiuno. Siku ya mwisho, saa nne asubuhi, niliulizia nyumba yake. Nilikuwa nimejiandaa. Miaka mitatu nilikuwa nimebeba maneno ya kuomba msamaha, nimeyapanga, nimeyapangua.

"Hodi," nilisema.

"Karibu!" akajibu ndege.

Alikuwa juu ya kabati, mahali pake pa zamani. Manyoya yamerudi yote, kifua kimejaa, mkia mwekundu unang'aa. Mwenye nyumba ndiye niliyekuwa namtafuta, na sikumtambua mara moja, kwa sababu alikuwa anakula amekaa. Sikuwahi kumwona mwanamke yule akikaa na kula. Alikuwa ameketi mkekani na sahani ya wali, mdogo, mabega yameingia ndani.

"Madamu," alisema. "Watoto yangu wanne hawajambo?"

"Hawajambo, Mama." Nikapiga magoti, nikaanza maneno yangu. Nilisema sikuinuka kitini. Nilisema tundu lilikuwa hatua nne. Alinisikiliza akitafuna.

"Inuka, mutoto yangu," alisema. "Weye ulisema kweli. Nilikuuliza, ukajibu, ni ndege. Na ilikuwa ndege."

"Mama, ilikuwa malaria. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Nilifundisha sana," alisema. "Kula wali."

Ningependa angenipiga kofi. Ningelibeba kwa furaha, la tano. Nilikula wali wake.

Ndipo ndege akalia. Nilikuwa nimesahau, au nilijidanganya kwamba nimesahau. Ni Bwana Mdogo yule, wa mwaka mmoja na miezi mitatu, hakuongeza hata siku. Mama Mzalisha aliweka sahani chini. Aliinuka kwa kushika ukuta, akanawa mikono kwa sabuni, vidole vyote, akaenda kabatini.

"Bwana yangu," alisema.

"Si weye," akajibu ndege. Kisha akainamisha kichwa, akafumba macho, na Mama akamkuna nyuma ya shingo.

Alirudi, akaketi. Kabla sijaondoka kilio kilitoka tena mara mbili, na mara zote mbili aliinuka, akanawa mikono, akaenda. Nilimwuliza, si ungekaa tu, Mama, unajua ni nani. "Ninajua," alisema. "Lakini nilisha kukaa siku moja."

Aliniaga mlangoni, hakunisindikiza. Nilipofika njiani, mwanamke jirani aliyekuwa anatwanga aliuacha mchi akanijia, kijana bado, mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ya chini ili asisikike nyumbani mule.

"Mama, weye ni ndugu yake? Ule mutoto wake iko na ugonjwa gani? Tuko hapa mwaka muzima, tunamusikia analia kila siku, hata mara moja hatujamuona. Bwana yangu anasema ni kasuku."

Nyuma yetu kilio kilikuwa kimeanza tena. Jibu lilikuwa mdomoni tayari, maneno matatu, nimewahi kuyasema mara nyingi na siku moja niliyasema bila kuinuka. Mtoto wa mgongoni alikuwa ananitazama.

"Ni mtoto," nilimwambia. "Ukimsikia analia, uende."